Wasichana wa Aboke: Maisha ya Chuo cha Wasichana katika Miaka ya Vita

Vitabu vya historia vyatusimulia sana habari za wakubwa: wafalme, majemadari, magavana, na siku walizoshinda au kushindwa. Hata historia ya Eklezya twaisoma mara nyingi kwa njia ya majina ya Maaskofu na miaka ya misioni kusimamishwa. Habari hizo ni za lazima. Lakini kuna historia nyingine ambayo haiandikwi sana, nayo ni ile ya kengele ya asubuhi, ya sahani ya maharagi, ya nguo zilizoanikwa juu ya majani, ya buku lililofunikwa kwa karatasi ili lisichakae. Ni historia ya watoto walioendelea kujifunza wakati watu wakubwa walipopigana.

Tumechagua kueleza habari ya chuo kimoja cha wasichana katika inchi jirani ya Uganda: St. Mary's College, Aboke. Jambo lililotokea pale mwaka 1996 lilijulikana ulimwenguni pote. Walakini wengi walilijua kama habari ya usiku mmoja tu. Sisi twataka kulitazama kama habari ya shule: namna ilivyoishi mbele ya usiku ule, na namna ilivyoishi baadaye. Tukilitazama hivi, litatufaa sisi tunaokaa Masisi na Walikale, maana vita si mgeni kwetu.

I. Inchi na vita yake

Aboke ni mahali pa kaskazini ya Uganda, katika inchi ya Walango, ndani ya jimbo la Lira. Siku zile palikuwa katika wilaya ya Apac. Leo ni wilaya ya Kole. Ni inchi ya tambarare na majani marefu. Watu wake hulima ulezi, ufuta, mihogo na pamba, na zamani walikuwa na ng'ombe wengi.

Mwezi wa Januari 1986 waaskari wa Yoweri Museveni waliteka mji wa Kampala. Waaskari wengi wa serkali iliyoanguka walikuwa watu wa kaskazini. Wakakimbilia kwao na silaha zao. Hapo akatokea mwanamke mmoja wa Kiacholi, Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, akidai kwamba roho yamwongoza, akakusanya jeshi na kulipeleka kusini. Alishindwa mwaka 1987. Nyuma yake akainuka kijana mwingine, Joseph Kony, naye akijidai kuongozwa na roho. Kikundi chake kilibadili jina mara kadha, mwishowe kikaitwa Lord's Resistance Army, ndiyo jeshi ambalo ndugu zetu wa Uele waliliita Tongo-Tongo. Tangu mwaka 1994 hivi lilipata msaada na makambi katika Sudani.

Jeshi lisilopendwa na wananchi halipati watu wa kujitolea. Basi Kony aliwachukua watoto. Wavulana walifanywa waaskari na wapagazi; wasichana waligawanywa kwa makapiteni kama mali. Kwa miaka yote ya vita watoto waliochukuliwa namna hii walikuwa maelfu mengi sana. Tena walichukuliwa hasa mahali walipokusanyika pamoja, maana yake shuleni.

Jambo lingine linalofaa kutajwa ni umaskini. Katika miaka ile ya mwisho ya 1980 wezi wenye bunduki walinyang'anya ng'ombe wa Walango na Waacholi karibu wote. Zamani mzazi aliyetaka kulipa karo ya shule aliuza ng'ombe mmoja. Sasa alipaswa kuuza magunia ya ufuta, au kukopa, au kuchagua ni mtoto gani atakayesoma. Wote wajua ni nani anayeachwa nyumbani wakati wa kuchagua hivyo. Kwa hiyo kila msichana aliyekaa Aboke alikuwa amegharimiwa sana na jamaa yake. Alikuwa matumaini ya ukoo mzima.

II. Chuo na desturi zake

Mwaka 1996 chuo cha Aboke kilikuwa mikononi mwa Masista Wakomboni, binti za Mtakatifu Danieli Comboni. Yeye ndiye aliyeanzisha shirika lao kule Verona, Italia, mwaka 1872, akafa Khartoum mwaka 1881, akatangazwa mtakatifu mwaka 2003. Mkubwa wa chuo alikuwa Sista Alba Nascimbeni, na msaidizi wake Sista Rachele Fassera, wote wawili Waitalia. Pamoja nao walikuwamo walimu wa inchi ile, wanaume na wanawake. Chuo kilikuwa na sifa njema katika kaskazini yote, na wazazi, hata wasio Wakatoliki, walitamani kuwapeleka binti zao pale.

Yeyote aliyelelewa katika shule ya bweni ya misioni aweza kuona kwa macho ya moyo namna siku inavyopita mahali kama pale. Kengele yalia jua halijatoka. Watoto wachota maji, waosha uso, wafagia. Kuna sala, kuna uji. Kisha masomo: hesabu, Kiingereza, historia, elimu ya viumbe. Mchana ni ugali wa mahindi na maharagi, na jioni ni maharagi yale yale. Watoto wanung'unika juu ya maharagi, kisha miaka ishirini ikiisha kupita wayakumbuka kwa mapendo. Kuna kufua nguo, kuna mchezo wa mpira, kuna kwaya. Usiku kuna saa ya kujifunza kwa ukimya, mwalimu akipita kati ya meza. Halafu rozari au sala ya usiku, taa zazimwa, na mabinti waendelea kunong'ona chini ya blanketi mpaka Sista agonge mlango.

Tusidharau mambo hayo kwa sababu ni madogo. Msichana wa mashamba aliyeingia katika chuo cha namna hii alipata kitu ambacho kijiji hakikuweza kumpa: kitanda kilicho chake, saa ya kusoma isiyokatizwa na kazi ya maji na kuni, rafiki wa makabila mengine, na hasa jina lake kuitwa kila asubuhi katika orodha ya kalasi. Kila siku mtu mzima alihakikisha kwamba yupo. Akikosa kuitika, aliulizwa, akatafutwa. Orodha ile ya majina twaomba msomaji aikumbuke, maana tutaiona tena.

Lakini vita iliingia katika desturi hizo kidogo kidogo kama maji chini ya mlango. Mabweni yaliwekwa milango ya chuma na madirisha yenye vyuma. Kila habari ya waasi kupita karibu ilikuwa shauri zito kwa Masista: Je, watoto walale hapa, au wapelekwe mahali pengine? Shule ifungwe, au iendelee? Kuifunga maana yake ni kuwarudisha watoto vijijini, ambako hakuna hata ukuta. Kuiendesha maana yake ni kuwaweka pamoja mahali panapojulikana. Wasimamizi wa shule katika inchi yetu walijiuliza maneno hayo hayo mara nyingi. Masista waliomba ulinzi wa serkali, na waaskari waliletwa wakati kwa wakati. Ndivyo chuo kilivyoendelea. Mwaka wa masomo katika Uganda waanza Februari na kwisha Desemba. Basi mwezi wa Oktoba ni mwezi wa mitihani kukaribia, na watoto wakubwa walikuwa na kazi ya kukariri masomo yao.

III. Usiku wa tarehe 9 Oktoba

Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya uhuru wa Uganda, uliopatikana mwaka 1962. Mwaka 1996 siku ile ilipita kwa furaha kama kawaida. Lakini waaskari waliotazamiwa kulinda chuo usiku ule hawakufika. Jioni ikawa usiku, na watoto wakalala.

Kabla ya mapambazuko, mlinzi alikuja kuwaamsha Masista: waasi wamo ndani ya kiwanja. Walikuwa wengi, karibu mia mbili. Masista walijificha. Wengine waweza kuwalaumu kwa jambo hilo, lakini sababu yao ilikuwa ya busara: waliogopa kwamba wakikamatwa watalazimishwa kuwaambia watoto wafungue milango, na watoto, kwa desturi ya kutii, wangefungua. Walitumaini kwamba vyuma vya milango vitashinda. Kweli milango haikuvunjika. Lakini waasi waliushambulia ukuta wenyewe, wakang'oa madirisha, wakaingia. Waliwafunga watoto kwa kamba, wakapora, wakatoka mbele ya jua. Walipoondoka, Masista walikuta kitu ambacho mlezi yeyote aomba Mungu asikione: bweni lenye vitanda vitupu. Wasichana 139 walikuwa wamepelekwa.

IV. Hesabu iliyoandikwa mavumbini

Sista Rachele hakungoja. Asubuhi ile ile alichukua fedha kidogo, akaondoka kwa miguu kuwafuata waasi, pamoja na mwalimu mmoja kijana, John Bosco Ocen. Twataja jina la mwalimu huyo kwa heshima, maana mara nyingi habari hii yasimuliwa kama habari ya Sista peke yake. Sista alikuwa mgeni na mtawa. Labda waasi wangemwogopa kidogo. Mwalimu alikuwa mwananchi na mwanamume. Yeye alijua kwamba watu kama yeye huuawa kwanza, au huongezwa katika jeshi. Hata hivi alikwenda. Mwalimu wa kweli hafundishi masomo tu ubaoni.

Walifuata njia kwa kuona vitu vilivyotupwa: karatasi za pipi na chupa za limonadi zilizoporwa. Walipita katika matope na majani, mpaka wakawafikia. Mkubwa wa waasi wale alikuwa Mariano Ocaya Lagira. Aliwapokea kwa maneno ya upole, akasema kwamba atawarudisha watoto. Lakini siku yote ilipita katika kutembea. Helikopta ya serkali ikapita juu, bunduki zikalia, watu wakalala chini. Sista akaendelea kuomba, akapiga magoti mbele ya mkubwa yule.

Mwishoni mkubwa akachukua kijiti, akaandika juu ya udongo. Wasichana wako ni 139, akasema. Nakupa 109, mimi nabaki na 30. Akawachagua wale thelathini mwenyewe. Sista akajitoa kubaki yeye mahali pao, akakataliwa. Wale thelathini walimlilia asiwaache. Aliambiwa kwamba akizidi kusema atawakosa wote. Majina ya wale thelathini yakaandikwa juu ya karatasi. Sista na mwalimu wakarudi na wasichana 109, wakiwaacha thelathini nyuma.

Tutafakari kidogo juu ya saa ile, maana sisi wachungaji twaweza kupatwa na saa ya namna hiyo. Injili yatusimulia habari ya mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Sista Rachele alilazimishwa kufanya kinyume: kuwapeleka salama mia na tisa, na kuwaacha thelathini kwa mbwa wa mwitu. Hakuchagua yeye, waovu walichagua. Mwalimu wetu wa elimu ya maadili angesema kwamba mwenye kulazimishwa hana hatia, na ni kweli. Lakini moyo wa mzazi hauponi kwa neno la mwalimu. Tarehe 11 Oktoba, walipoingia katika kiwanja cha chuo, wazazi walikuwa wakingoja. Wengine walikumbatia watoto wao. Wengine walitazama kila uso mpaka wa mwisho, na mtoto wao hakuwapo.

V. Wazazi na sala iliyokatika

Kutoka siku ile maisha ya chuo yaliendelea kwa namna mbili. Waliorudi waliendelea kuwa wanafunzi: kengele ililia tena, mabuku yalifunguliwa tena. Watu wa mbali wafikiri kwamba aliyeokolewa amekwisha kuokoka. Sivyo. Msichana aliyelala usiku mmoja kati ya waasi, akamwacha rafiki wa kitanda cha pili mikononi mwao, huyo akisikia mbwa akibweka usiku hapati usingizi. Kazi ya kurudi katika hesabu na katika Kiingereza ilikuwa kazi ya ushujaa, ijapokuwa hakuna aliyeiandika magazetini. Na wale thelathini waliendelea kuwa wanafunzi wa Aboke: hawakufutwa katika sala za wenzao.

Wazazi nao walikusanyika. Walianzisha chama kilichoitwa Concerned Parents Association, maana yake chama cha wazazi wenye uchungu kwa ajili ya watoto. Kati yao alijulikana sana mama mmoja mkunga wa Lira, Angelina Acheng Atyam, ambaye binti yake alikuwa mmoja wa wale thelathini. Walikutana kila juma kusali na kufunga. Mama Angelina alisimulia baadaye kwamba siku moja walipokuwa wakisali Baba Yetu, walifika pale tunapoomba tusamehewe kama vile nasi twasamehe, sauti zao zikakatika. Hawakuweza kuendelea. Waliona kwamba wakilisema neno lile, wanaomba hukumu juu yao wenyewe. Wakatoka kimya. Baada ya siku nyingi za kusali na kupigana na mioyo yao, walirudi wakalisema.

Ndugu mapadri na wafratri, sala ile twaisema mara ngapi kwa siku? Ni nani kati yetu aliyewahi kuikatiza kwa sababu ameona uzito wake? Wazazi wale wa Lira walikuwa wanateolojia kupita wengi waliopata shahada. Padri Emmanuel Katongole wa Uganda, mwalimu wa teolojia, ameitaja habari ya mama huyu katika kitabu chake juu ya Eklezya na siasa katika Afrika, kilichotoka mwaka 2011.

Mama Angelina hakuishia katika maneno. Alikwenda kumtafuta mama mzazi wa yule mkubwa wa waasi aliyemshika binti yake, akamwambia kwamba amesamehe. Yule kijana alipouawa vitani, alikwenda kulia pamoja na mamaye.

Tena kuna jambo lingine. Waasi, walipoona kwamba habari yao imeenea Ulaya na Marekani, walimpelekea neno: watamrudisha binti yake, ikiwa atanyamaza na chama chake kikome kusema. Alijibu kwamba ataka watoto wote, si wake tu. Jamaa na jirani walishangaa: ni mama gani anayekataa mtoto wake? Lakini yeye alisema kwamba wote wamekuwa watoto wake. Mwaka 1998, Umoja wa Mataifa ulimpa tunzo la haki za binadamu. Katika mwaka ule ule lilipewa pia Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani. Binti yake alitoroka mwaka 2004, karibu miaka minane baada ya kuchukuliwa, akiisha kuzaa porini.

VI. Wale thelathini

Mariano alitoa hesabu. Wazazi walishika majina. Hapa ndipo tofauti ya shule na vita. Vita huhesabu vichwa: mia na tisa, thelathini. Shule huita majina, mmoja mmoja, na haitulii mpaka kila mmoja aitike. Kwa miaka kumi na mitatu wazazi na Masista waliita majina yale. Sista Rachele alisafiri hata Sudani kuwatafuta. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alijulishwa habari yao.

Waliitika kwa kuchelewa. Mmoja alitoroka mwaka huu, mwingine mwaka ule, wakivuka mito na majangwa, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni. Wengine walifia porini. Aliyekuwa wa mwisho kurudi alirudi mwaka 2009, naye hakutoka Sudani: alitoka katika misitu ya Kongo yetu, akiwa na mtoto mdogo. Maana tangu mwaka 2005 jeshi la Kony lilikuwa limehamia katika mbuga ya Garamba.

Hapo historia ya Aboke ikawa historia yetu. Tarehe 17 Septemba 2008 waasi wale waliingia Duru, katika Uele, mahali penye misioni ya Wakomboni vilevile, wakawachukua watoto wa shule kutoka kalasini. Krismasi ya mwaka ule waliwaua watu kwa mamia Faradje, Doruma na mahali pengine.

Tuseme pia neno juu ya wale waliochukua watoto. Dominic Ongwen, mmoja wa wakubwa wa Kony, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya The Hague mwezi wa Februari 2021, akapewa miaka 25 ya kifungo. Yeye mwenyewe alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, katika njia ya kwenda shule. Hukumu ni ya haki. Lakini aliyefanya uovu alikuwa kwanza mwanafunzi ambaye siku moja hakufika kalasini.

VII. Mafundisho kwa sisi

Mwandishi wa historia haishi kwa kusimulia tu. Apaswa kuuliza mambo hayo yafaa nini. Twaona mafundisho matatu.

La kwanza: shule katika wakati wa vita ni kazi ya kichungaji, si kazi ya serkali tu. Vyuo vyetu vya dini vilijaribiwa katika miaka ile ile. Tarehe 30 Aprili 1997, seminari ndogo ya Buta katika Burundi ilishambuliwa, na waseminari 40 walikufa kwa sababu walikataa kutengana Wahutu na Watutsi. Katika mwezi ule ule, kule Muramba katika Rwanda, wasichana 17 wa shule na Sista mmoja Mbelgiji waliuawa. Mwezi wa Mei 2003 waasi wa Kony waliingia katika seminari ndogo ya Lacor, karibu na Gulu, wakawachukua waseminari 41. Na mwaka ule wa 2003, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu alikwenda kulala nje mjini, pamoja na watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini ili wasichukuliwe. Hakuwa na bunduki ya kuwalinda. Alikuwa na blanketi.

La pili: msichana. Katika habari zote za vita twasikia kwamba binti ameharibiwa, ameolewa kwa nguvu, amerudi na mtoto asiye na baba. Kisha twasikia watu wakisema: kumsomesha tena kuna faida gani? Neno hilo lamaliza kazi ambayo mwasi alianza. Wasichana kadha wa Aboke waliorudi walishika masomo tena, wakaendelea mbele. Katika parokia zetu, tangu vita ya mwaka 1993 mpaka mapigano ya Kitshanga mwaka 2013, na tena tangu mwaka 2023, mabinti wa Burungu na milima yote ya jirani wamekimbia mara nyingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu, na kalasi zimegeuka nyumba za wakimbizi. Katekista anayejua ni mabinti wangapi wa kanisa lake waliacha masomo, na kwa sababu gani, huyo amekwisha kuanza kazi. Aende kwa wazazi. Aseme na mkubwa wa shule juu ya karo. Amwambie yule aliyerudi na mtoto kwamba mahali pake katika benchi pangalipo, na wanakwaya wasimcheke.

La tatu: orodha ya majina. Twaomba kila parokia iandike. Tuna madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya wafu. Tuyatunze vema, tena tuandike na majina ya waliochukuliwa, na siku, na mahali, na wazazi wao. Waovu hupenda hesabu iliyoandikwa mavumbini, maana upepo waifuta. Padri na katekista wapaswa kuandika kwa wino. Mtoto ambaye jina lake linasomwa katika Misa bado hajapotea kabisa, na siku atakaporudi, awe na mtoto mgongoni au awe na bunduki begani, atakuta watu wanaomjua.

Chuo cha Aboke kingali chafundisha mpaka leo. Wasichana wanaosoma pale sasa walizaliwa baada ya usiku ule. Kengele yao yalia asubuhi, wanung'unika juu ya maharagi, na mwalimu afungua daftari na kuita majina. Tuwaombee. Tena tuwaombee wale ambao katika milima yetu wameitwa mara nyingi na bado hawajaitika, ili Mungu, anayemwita kila mtu kwa jina lake, awarudishe.